Mwongozo kamili: slaidi, WhatsApp na Facebook kwa maktaba ndogo, kuanzia sifuri

Prezentesheni ya kwanza niliyowahi kuandaa pale maktabani kwetu ilikuwa na slaidi 27, na nilijiona nimemaliza kazi. Ilianza na sheria ya 1963 iliyounda bodi ya huduma za maktaba, ikaja Maktaba Kuu ya Taifa kufunguliwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, yakaja malengo, dira, dhamira, mpaka muundo wa uongozi na vile viboksi vyenye mishale. Wageni walikuwa wanafunzi wa kidato cha pili, saa nane mchana, joto, projekta inanguruma kama mashine ya kusaga. Nikamaliza nikauliza kuna swali? Kimya. Halafu binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "Samahani madam, vitabu vya kufuga kuku viko wapi?"

Slaidi 27 na hakuna hata moja iliyosema vitabu viko wapi.

Basi huu mwongozo ni kwa wakutubi wenzangu, hasa nyie wa maktaba za wilaya, za shule na vyuo vidogo, ambako kuna kompyuta moja ya kaunta, projekta ya kuazima na bando unanunua kwa hela yako mwenyewe. Mi siyo mtu wa IT. Nitaeleza ninavyofanya mimi, na vile vitufe vya kubonyeza nitavitaja kwa majina yake kama yanavyoonekana kwenye kompyuta ili usihangaike kutafuta.

Hatua ya 1: kompyuta iache kwanza

Chukua daftari, liweke kaunta wiki mbili. Kila mtu akiuliza swali liandike kama alivyouliza, usilinyooshe. Ya kwetu yalitoka hivi: kadi shilingi ngapi, naruhusiwa kuingia na madaftari yangu, mna past paper, paswedi ya wifi ni nini, naweza kurudisha kitabu cha kaka yangu, hizi namba za kwenye vitabu mbona sizielewi, choo kiko wapi. Ukija kuhesabu utakuta maswali matano au sita ndo yanarudi kila siku, na hayo ndiyo slaidi zako, na ndiyo posti zako za miezi mitatu ijayo. Ranganathan, yule mkutubi wa India, kwenye zile kanuni zake tano za 1931 ya nne inasema okoa muda wa msomaji, tuliikariri wote chuoni ili tufaulu mtihani, sasa hapa ndo inapofanya kazi: swali linaloulizwa mara ishirini kwa siku likijibiwa kwenye skrini ya ukutani au kwenye status wewe unabaki na muda wa kumsaidia yule mwenye swali gumu.

Hatua ya 2: chagua programu, usichukue siku tatu kuchagua

Kama kompyuta ina PowerPoint, tumia PowerPoint. Kama haina, LibreOffice Impress ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti, na inafungua mafaili ya PowerPoint ingawa mpangilio wakati mwingine unasogea kidogo. Google Slides ni nzuri mkiwa watu wawili watatu mnaandaa kitu kimoja kila mtu yuko kwake, ila inataka intaneti, kwa hiyo ukimaliza lazima uishushe. Canva ni rahisi sana kwa mabango na ina templeti za kupendeza, tatizo lake ni hizo hizo templeti, unajikuta unahangaika na maua na mawimbi ya rangi na ujumbe wenyewe umebanwa pembeni herufi ndogo kama za kwenye pakiti ya dawa ya mbu. Mi naandaa PowerPoint, Canva naiacha kwa bango moja moja.

Hatua ya 3: tengeneza slaidi tano, siyo ishirini na saba

Hapa ndo nitakaa sana maana ndo penye kazi.

Nachukua lile swali la namba za vitabu. Wasomaji wengi wanazikimbia, wanakuja kaunta kuuliza au wanazunguka rafu nzima wanasoma migongo kimoja kimoja. Slaidi zangu ziko hivi.

Ya kwanza ni picha tu ya mgongo wa kitabu, nimeipiga na simu karibu na dirisha, lebo inasomeka 636.5, na chini maneno sita: Hii namba ndiyo anwani ya kitabu. Basi, hamna kingine.

Ya pili inaonyesha namba inavyoshuka: 600 teknolojia, 630 kilimo, 636 mifugo, 636.5 kuku. Mistari minne, kila mmoja umesogea ndani kidogo kuliko wa juu yake, kama vile mkoa, wilaya, kata, mtaa. Ukiwaambia hivyo wanaelewa hapo hapo.

Ya tatu ni swali. Kitabu cha mbuzi ni 636.39. Cha kuku ni 636.5. Kwenye rafu kipi kinatangulia? Hapa unakaa kimya, unawaacha wabishane. Karibu wote watasema kuku, maana tano ni ndogo kuliko thelathini na tisa, na hii ndiyo sababu mtu anatafuta kitabu cha kuku upande wa kushoto wa mbuzi, hakioni, anakuja kukwambia hamna.

Ya nne ni ile ile ya tatu, ila nimeongeza sifuri moja yenye rangi nyekundu: 636.39 na 636.50. Sasa kila mtu anaona mwenyewe, mbuzi kwanza, kuku baadaye. Wale waliobisha sana wanachekwa, na hawasahau tena. Na wala sikutumia zile animesheni za kurusha maneno, nilibonyeza tu slaidi ya tatu pale pembeni kushoto, nikapiga Ctrl na D ikajinakili, nikaongeza sifuri. Ukipita kutoka ya tatu kwenda ya nne inaonekana kama sifuri imetokea yenyewe.

Ya tano ni picha ya rafu yetu wenyewe, siyo ya kwenye mtandao, nimeipiga nikiwa nimesimama mlangoni, na mshale umechorwa: ingia, kushoto, safu ya tatu. Hiyo picha ina thamani kuliko dira na dhamira zote, naomba uniamini kwenye hili. Picha za maktaba za Ulaya zenye ngazi za mbao na taa za manjano zinapendeza lakini mwanafunzi anaangalia anajua hapo siyo hapa.

Mambo machache ya ufundi. Saizi ya herufi isishuke chini ya 28, na vichwa 40 kwenda juu. Ukimaliza weka slaidi kwenye skrini nzima, rudi nyuma hatua sita saba, kama huwezi kusoma umesimama pale basi wa kiti cha mwisho hataona. Maandishi meusi kwenye nyeupe, au meupe kwenye bluu iliyokolea, yanastahimili chumba chenye mwanga, na kwetu mapazia hayazibi kitu. Njano kwenye nyeupe sahau kabisa. Picha za simu ni nzito, ukiweka kumi na mbili faili linafika makumi ya MB, kwa hiyo bonyeza picha, nenda Picture Format, kisha Compress Pictures, chagua 150 ppi, halafu ondoa ile tiki inayosema picha hii tu ili zibanwe zote kwa mpigo. Na Kiswahili chako kikaguliwe na mtu mwingine kabla ya kuonyesha. Nimewahi kuonyesha "karibu makataba" ukutani dakika kumi nzima.

Jumamosi ya watoto

Kabla sijasahau, projekta hiyo hiyo inafaa sana kusomea watoto hadithi. Tatizo la kusoma kitabu cha picha mbele ya watoto thelathini ni kwamba wanaoona picha ni watano wa mbele, wengine wanasukumana. Ingia tovuti ya African Storybook au StoryWeaver, kote huko kuna hadithi za Kiswahili zenye leseni huria, unazishusha bure na unaruhusiwa kuzitumia ilimradi utaje waandishi na wachoraji. Weka ukurasa mmoja kwa slaidi moja, picha ijae skrini, na maneno usiyaweke yote, maana yakikaa pale wakubwa wanasoma kwa sauti kukutangulia. Mi naacha picha tu, hadithi nasoma mkononi. Kabla ya kufunua ukurasa unaofuata nabonyeza B, skrini inakuwa nyeusi, nauliza mnadhani fisi atafanya nini? Kelele zake sasa! Ukibonyeza B tena picha inarudi.

Hatua ya 4: siku yenyewe

Fika nusu saa kabla. Angalia waya: projekta nyingi za kuazima ni za zamani zina tundu la VGA, na laptopu mpya ina la HDMI tu, kwa hiyo kale kaadapta nunua chako, weka kwenye mkoba na usimwazime mtu. Ukichomeka ukaona ukuta hauonyeshi kitu, shika kitufe cha Windows ubonyeze P, chagua Duplicate. Kuanza ni F5. Ukiulizwa swali na jibu liko slaidi ya tatu usianze kurudi nyuma moja moja, andika 3 piga Enter, inaruka moja kwa moja.

Faili liweke sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye flashi, na kwenye simu yako kama PDF. PDF ni muhimu maana ukipeleka PowerPoint kwenye kompyuta ya mtu mwingine fonti zinabadilika, maneno yanamwagika nje ya slaidi, ila PDF inabaki vile vile. Mimi siku moja nilikwenda kwenye semina ya nje na slaidi zangu ziko Google tu, nikasema si kuna intaneti. Intaneti ya ukumbi ilikuwepo asubuhi wakati wa kuandikisha majina, zamu yangu ilipofika haikuwepo. Niliongea dakika ishirini nikichora kwenye flipchati kwa kalamu iliyokuwa inakauka. Tangu hapo pia naprinti slaidi tano muhimu kwenye A4, maana umeme nao una mambo yake.

Hatua ya 5: slaidi zile zile zivune mara nne

Watu wengi wanaandaa slaidi, wanaonyesha mara moja, faili linalala. Wakati kazi kubwa ulishaifanya.

Runinga ya ukutani. Kama maktaba ina TV yenye tundu la flashi, usihangaike kuweka PowerPoint humo, TV nyingi hazisomi. Nenda File, Save As, kwenye aina ya faili chagua JPEG, itakuuliza slaidi zote au hii moja, sema zote. Unapata folda ya picha, unaiweka kwenye flashi, unachomeka, TV inazizungusha yenyewe kama albamu ya harusi. Kama unatumia kompyuta badala ya TV, nenda Slide Show, Set Up Slide Show, chagua ile ya kiosk, halafu kwenye Transitions weka kila slaidi sekunde kumi. Itajizungusha mpaka ubonyeze Esc.

Status. Skrini ya simu imesimama, slaidi imelala, ukiiweka vile inakuwa kamstari katikati. Kwa hiyo kwanza Save As kwa jina jingine, usiharibu ile ya asili. Kisha Design, Slide Size, Custom Slide Size, geuza iwe Portrait, ikikuuliza chagua Ensure Fit. Vitu vitasinyaa, utavipanga upya kwa mkono, dakika kumi hivi kwa slaidi tano. Toa JPEG, tuma kwenye simu.

Video. File, Export, Create a Video, weka sekunde tano kwa slaidi. Slaidi tano hazifiki hata nusu dakika, inatosha TikTok, inatosha kutuma WhatsApp bila kumaliza bando la mtu.

Bango. Ile slaidi ya nne ya mbuzi na kuku nimeiprinti A4, nimeibandika mwisho wa safu ya 636 yenyewe. Ndiyo bango pekee maktabani kwetu ambalo watu wanasimama kulisoma.

Hatua ya 6: laini ya maktaba, siyo yako

Ukitaka kuanza mitandao anza na WhatsApp, na hapa sitaki mjadala mrefu, wasomaji wako wako huko tayari. Lakini usitumie namba yako binafsi! Nakuomba. Utapigiwa Jumapili saa tano usiku na mtu anataka kujua faini yake, na siku ukihamishwa kituo unaondoka na wasomaji wote. Tafuta laini isajiliwe kwa jina la taasisi, weka kwenye simu ya ofisi, hata ya mtumba, halafu shusha WhatsApp Business, ni bure. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, na uiandike sehemu ambayo mkuu wako pia anaijua. Kisha unganisha kompyuta ya kaunta kwenye Linked Devices, inakubali vifaa vinne zaidi ya simu, ila kumbuka simu ikikaa zaidi ya siku kumi na nne haijafunguliwa vifaa vingine vinatolewa.

Jaza wasifu vizuri: jina la maktaba, ramani, saa za kufungua. Weka ujumbe wa wakati hamna mtu. Wa kwetu unasema: "Asante kwa kuiandikia maktaba. Kaunta inafunguliwa saa 3 asubuhi. Andika jina la kitabu au somo unalotafuta, tutakujibu kabla ya saa 4." Kabla ya hapo tulikuwa na ujumbe mrefu wa "mteja wetu mpendwa", hakuna aliyekuwa anausoma mpaka mwisho. Halafu kuna majibu ya haraka, unayaandika mara moja unayapa jina, ukiwa kwenye chati unaandika mkwaju (/) na jina lake, linatokea jibu lote. Mimi ninayo /kadi, /saa, /siku, na /namba ambayo inatuma ile picha ya mbuzi na kuku.

Maongezi ya kawaida yanakuwa hivi. Mtu ameandika saa tatu na nusu usiku: "shikamoo maktaba, mna kitabu cha kuku wa kienyeji". Kweli watu wanaiamkia maktaba yenyewe, na sisi tunajibu marahaba. Asubuhi nakwenda kwenye rafu kwa miguu yangu, sitegemei kumbukumbu wala katalogi peke yake, maana katalogi inasema kipo na kitabu kimeshatembea. Napiga picha ya jalada, naandika: "Marahaba. Tunavyo viwili, viko 636.5, kushoto ukiingia, safu ya tatu. Kimoja ni cha kusomea hapa hapa, kingine unaweza kuazima siku 14 ukiwa na kadi. Nikuwekee mpaka jioni?" Hilo swali la mwisho ndo linaloleta mtu. Ukimjibu "ndiyo tunavyo" tu, anasema sawa asante, haji.

Linki ya kuanzisha chati ni wa.me halafu mkwaju halafu namba yako kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Igeuze kuwa QR kodi, ibandike mlangoni na nyuma ya kadi za uanachama. Ila angalia unaitengenezea wapi. Sisi tulitumia tovuti fulani ya bure, tukaprinti kodi nzuri za rangi, baada ya muda mfupi ukiiskani inakupeleka kwenye ukurasa wa kudai malipo. Tukabandua zote. WhatsApp Business yenyewe ina QR yake ndani, na hata Chrome kwenye kompyuta inatengeneza QR ya ukurasa wowote uliofungua, hizo haziishi muda. Na ijaribu kwa simu ya mtu mwingine, simu ya bei rahisi yenye kioo kilichopasuka, siyo ya kwako.

Hatua ya 7: grupu, chaneli au status?

Hili linachanganya wengi kwa hiyo nieleze taratibu. Kwenye grupu kila mwanachama anaona namba za wengine wote, na maktaba ina watoto wa shule, mabinti, wazee, ukiwachanganya humo umegawa namba zao bila kuwauliza. Kesho yake binti anatumiwa "mambo mrembo" na mtu asiyemjua, na amempata kupitia wewe. Grupu nimeacha kwa vikundi vidogo vinavyofahamiana, kama klabu ya usomaji ya watu kumi na nane, basi. Na hata huko nimeweka admin tu ndo anaongeza watu.

Chaneli ni salama zaidi, wafuasi hawaonani namba, na siyo mahali pa kuchati, zaidi wanaweka emoji. Hiyo ndiyo ya matangazo: vitabu vipya, mabadiliko ya saa, Jumamosi ya watoto.

Status inaonwa na mtu mwenye namba yako kwenye simu yake na wewe unayo yake. Ndo maana mtu anapojiandikisha kaunta namwambia hapo hapo, seva namba yetu andika Maktaba, nami naseva yake akikubali. Orodha za kutangazia (broadcast) nazo ni hivyo hivyo, asiyekuseva ujumbe haumfikii, kwa hiyo usijidanganye kwamba umetuma kwa watu mia mbili.

Posti mara ngapi? Sisi mara tatu kwa wiki na hatuzidishi. Jumatatu kitabu kimoja: jalada, sentensi mbili za kwanini mtu akisome, na namba ya rafu. Jumatano slaidi moja ya "unajua?" kutoka kwenye lile daftari. Ijumaa saa za Jumamosi na kilichopo. Zikija tarehe kama 23 Aprili ya vitabu duniani, 7 Julai ya Kiswahili Duniani au 8 Septemba ya kusoma na kuandika, tunaongeza kitu, lakini siyo lile bango la "tunawatakia maadhimisho mema" lenye picha ya mkurugenzi.

Facebook na wengine

Fungua ukurasa, siyo akaunti ya mtu iliyopewa jina la maktaba, maana akaunti ya mtu inagota kwenye marafiki 5,000 na inaweza kufungiwa. Ukurasa uwe na admin wawili angalau, wote waajiriwa. Kupitia Meta Business Suite, programu ya wenyewe wa Facebook, unaweza kuandaa posti za wiki nzima Jumatatu asubuhi ukaziwekea siku na saa zikatoka zenyewe, inasaidia siku kaunta imejaa. Komenti zijibiwe, hata za lawama, hasa za lawama. Mtu akiandika "nilikuja Jumamosi mmefunga mapema", angalia kwanza kama ni kweli, na kama ni kweli sema ni kweli.

TikTok tumejaribu, video iliyotazamwa kuliko zote ni kijana wetu anafuta vumbi na kupanga vitabu, sekunde ishirini, hamna maneno. Sijui niseme nini.

Vitu vya kutoposti

Orodha ya wadaiwa wa vitabu. Najua hasira zake, kitabu kimetoka mwaka jana, simu hapokei. Lakini nimeona maktaba moja imebandika kwenye grupu majina na vitabu walivyoazima, na mmoja wao alikuwa ameazima kitabu cha kuishi na ugonjwa fulani. Fikiria. Anachosoma mtu ni siri yake na yako, na siku hizi kuna sheria kabisa, Tanzania ni ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, Kenya ni ya 2019. Mdaiwa anatumiwa ujumbe wake peke yake, basi.

Picha za watoto: omba ruhusa kwa mzazi au mwalimu, kwa maandishi, na kama hujapata piga kutokea nyuma ionekane migongo na skrini. Hapo napo panapendeza tu.

PDF za vitabu vizima. Hili ombi linakuja kila siku, "madam tutumie softi kopi". Kitabu cha mtu kikiwa na haki miliki huwezi kukiskani chote ukakimwaga kwenye chaneli ya maktaba, na ukifanya hivyo umemuibia mwandishi ambaye kesho utamwalika aje kuongea na wasomaji wako. Jalada, maelezo mafupi, aya moja, sawa. Kwa wanafunzi wa Tanzania waelekeze kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, vitabu vya kiada viko huko.

Hatua ya mwisho: funguo na daftari

Ukurasa wetu wa kwanza wa Facebook tuliupoteza kizembe sana. Aliufungua mwanafunzi wa fildi kwa simu yake, kwa imeili yake, alifanya kazi nzuri tu, fildi ikaisha akaondoka, baadaye akapoteza simu, na imeili haikumbuki. Ukurasa bado upo hewani hadi leo, unaonyesha saa za zamani, na watu bado wanautumia ujumbe. Kwa hiyo: imeili ya maktaba, siyo ya mtu, na karatasi moja yenye imeili, paswedi, PIN za WhatsApp na majina ya admin, ndani ya bahasha, kwenye kabati lenye ufunguo, na mtu akihama kituo unabadilisha zote siku hiyo hiyo kabla hata hamjala keki ya kumuaga.

Na kujua kama inafanya kazi usihesabu laiki. Rudi kwenye lile daftari la kaunta, chora safu moja zaidi, kila anayejiandikisha au kuazima muulize umejuaje, weka kijiti: rafiki, mwalimu, status, Facebook, nimepita tu. Kwetu Facebook ina wafuasi wengi kuliko chaneli, ila vijiti vya status ndo vinajaza ukurasa. Na swali la namba za vitabu, ambalo lilikuwa linaongoza, sasa hivi limeshuka nafasi ya nne. Linaloongoza ni la paswedi ya wifi. Hilo slaidi yake sijaitengeneza bado, bosi hataki.